Nimevunja Foleni ya Mchicha

Jamani, leo nusura nipigwe kwa sababu ya mawe!

Kikundi chetu cha kujitolea kimeleta mchicha na matembele hapa mtaani Gerezani, bei chini kuliko sokoni Kariakoo. Tumefika alfajiri, hakuna mtu hata mmoja. Nikanyong'onyea.

Chini kulikuwa na mawe tu, na kandambili moja. Mimi na usafi wangu, nikayasukuma yote pembeni, nikatandika mkeka.

Mara milango ya majirani ikafunguka.

"Nani katoa jiwe langu?" Bi Zena huyo, khanga kiunoni. "Nimekuwa wa kwanza tangu jana!"

Kumbe ile ndiyo foleni! Mawe ya kushika nafasi tunapanga kwenye duka la ushirika, tukisubiri sukari. Ningejuaje, hebu niambieni, kwamba watu watayapanga kusubiri mchicha?

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Yarudishe."

Nirudishe lipi, wapi? Majirani wakacheka, wakanionea huruma, wakajipanga wenyewe.

Saa mbili halijabaki hata jani. Mama yangu mzazi kakosa!

Jioni nimepita pale. Mawe ya kusubiri mchicha wa Jumamosi yameshapangwa, tena safari hii yamefungwa kamba.

Nimeongeza la mama mwishoni. Atakayeligusa, tutaonana!