Kusafisha Bonde

Mpaka leo nikiona picha ya yule mwanajeshi wa Kimarekani, nasikia kinyaa, na kinyaa chenyewe si chake peke yake.

Kijitabu cha maisha yake kililetwa kwangu Kipawa na jirani, mjeda mstaafu aliyekuwa akigombea udiwani. Mtaa mzima unamwita Afande.

"Mwalimu, nitafsirie," alisema. "Huyu alitoka jeshini akaingia kwenye siasa, kama mie tu. Nataka nikamsome mkutanoni. Kiingereza chako hakuna anayekifikia hapa."

Nikavikwa kilemba cha ukoka, nikakubali. Mwanzo ulikwenda vizuri: mtoto wa mkulima, farasi, jeraha la bega, karne ya kumi na tisa. Kisha nikafika kwenye bonde. Bwana yule aliamuru mahindi ya wenyeji yachomwe, akawafukuza wanawake na watoto majira ya theluji yakikaribia, ardhi wakapewa wengine. Wapiga kura walimpenda kwa hilo hilo, wakampeleka bungeni. Nikatafsiri kama ilivyo.

Afande alisoma, akacheka. "Ah, mwalimu, unanichafulia mkutano! Andika 'alisafisha bonde', basi. Si ndivyo Kiingereza chao kinavyosema?" Akaongeza, bila hata kushusha sauti, "Na hili bonde letu la hapa mtaani, wale wanaokaa humo wakitoka, panafaa sana yadi ya makontena."

Kweli, Kiingereza chao kilisema hivyo, 'cleared the valley'. Mimi niliyewachapa wanafunzi miaka yote kwa kutafsiri neno kwa neno, nikafuta aya nzima nikaandika maneno mawili. Nilijidharau, lakini niliandika.

Shangazi yangu anakaa bondeni humo, kwenye vyumba viwili alivyovijenga kwa vitumbua alivyouza Buguruni. Wanaokaa juu wanatupa taka mtaroni, na mvua ikinyesha pampasi za watu zinaingia mpaka barazani kwake. Siku ya mkutano tulikaa pamoja, mbele kabisa.

"Na mie nitalisafisha bonde letu!" Afande alinguruma alipomaliza kusoma tafsiri yangu.

Shangazi alisimama, akapiga vigelegele hadi kanga ikamdondoka begani. Kisha akaniinamia.

"Eti baba, wale waliokuwa wakikaa kule bondeni, walifurahi?"

Alinitazama kwa fahari, kwa kuwa tafsiri ilikuwa yangu.

"Walifurahi, shangazi," nikamwambia, naye akaendelea kushangilia.