Gunia la Kabula Halipimwi

Saa mbili asubuhi, Kabula Masalu anachambua pamba kwenye kituo cha ununuzi Somanda, mjini Bariadi. Vidole vinakwenda mbio: pamba safi kulia, fifi yenye madoa na majani kushoto. Mdomo nao haupumziki.

"Mwangaluka, mayu! Pamba yako hii ililala na mbuzi?" anamsalimu kwa Kisukuma na kumtania mama aliyeleta mzigo.

Kabula, mwenye miaka 26, ana kifafa. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto wa kuni alioangukia utotoni. Waliokuwepo waliogopa kumvuta, wakiamini povu lake linaambukiza.

"Ni mate tu, hayaambukizi," anasema. Siku hizi anameza vidonge kila jioni, na kuanguka kumepungua. "Na hapa nikianguka, naangukia pamba. Nani mwingine mjini ana godoro kubwa hivi?"

Godoro hilo nusura alikose.

Tangu kampuni binafsi ziruhusiwe kununua pamba, kila msimu huja na karani mpya. Wa msimu huu, Joakim, hakuwa ameambiwa lolote kuhusu kifafa cha Kabula. Wiki iliyopita Kabula alipoanguka na kuanza kukakamaa, karani alipiga kelele: "Ondoeni pamba! Ikiingia mate itashuka daraja!"

Vijana wa kubeba magunia wakaivuta pamba chini yake. Kichwa cha Kabula kikabaki kwenye sakafu ya saruji.

Mchambuaji mwenzake, Felisita, aliirudisha pamba kwa mikono miwili, akamlaza ubavu, akamfungua khanga iliyombana shingoni. Mtu akaja na kijiko cha kumtia mdomoni. Felisita akamzuia.

"Cha nini, anakula? Usimtie kitu mdomoni. Wala msimkandamize. Tusubiri, itapita."

Ikapita. Kabula alifumbua macho, akamwona karani amesimama. Akajua kazi yake hapo imekwisha.

"Nimechafua nyingi?"

"Ya kujaza mto," Felisita akamjibu. "Nyingine umeila."

Kesho yake alikuja kuaga. Akakuta gunia la fifi limewekwa mahali pake.

"Dada, hilo lako la kuangukia," Joakim akamwambia, macho chini. "Halipimwi, haliuzwi. Nifundisheni na mimi, nisikosee tena."

Leo Kabula ameliegemea, akicheka.

"Karani wa mwakani nitamwambia mwenyewe siku ya kwanza: mimi nina kifafa, huyu ni Felisita, na hili ni gunia langu. Kisha nitamwomba anibadilishie. Mchambuaji mzima nalalia fifi? Nataka pamba safi."