Alama ya Mwenye Bakuli

Nakumbuka mchana mmoja wa Tabata, mwanangu, mchana wa joto lile linalolaza hata kuku, nami nimepiga magoti sakafuni nikipiga picha bakuli la bati. Dirishani ilining'inia kanga badala ya pazia, na jua lililopita humo lilikuwa laini, kama maji ya mchele. Nyumba nzima imesinzia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa macho, na hata mimi sikuwa na hakika sana.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikuona hapa Goba na simu yako. Umeulaza mwiko wa bibi yako juu ya karatasi nyeupe, ukaupiga picha, ukaukata ukingoni kwa kidole, na palipoungua ukapafuta kwa mguso mmoja. Ukaniambia, "Shangazi, cheki ulivyotoka mpya!" Nilicheka tu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini siku ile niliuona wangu unafuka kichwani kwako.

Miaka hiyo kamera za kidijitali ndiyo kwanza zinaingia mitaani kwetu. Nilifanya kazi studio moja ya picha kule Ubungo, natengeneza albamu kwenye kompyuta. Wenzangu walipamba kurasa kwa maua na mioyo ya kupakua mtandaoni. Mimi nilikuwa na ujuzi wangu: nachukua kifungo halisi, au utepe halisi, nakipiga picha kwenye mwanga wa dirisha, nakikata taratibu kwa kipanya, nakitilia kivuli chini yake, na ukikiona kwenye ukurasa unatamani kukibandua. Wateja walikuwa wakipitisha kucha juu ya karatasi kuhakikisha. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Sasa, ndugu yangu Sharifa alikuwa anaolewa, anakwenda kuishi Kigoma. Sharifa ni mtoto wa mama yangu mdogo, Hadija, aliyefariki mtoto angali ananyonya. Marehemu hakupenda kupigwa picha, hatukuwa nayo hata moja. Vilivyobaki ni vyombo vyake vichache: bakuli lile, chetezo cha udongo cha kufukizia udi, kitana cha mbao na kopo la vifungo. Na hivyo navyo Sharifa asingeondoka navyo. Mama Mkubwa Somoe, dada yake Hadija, ambaye ndiye aliyemlea Sharifa, alikuwa na msimamo wake. Majirani huviazima vyombo hivyo kwenye shughuli zao, watu wanakula humo, na thawabu zinamfikia mwenyewe huko aliko. Kwa hiyo havitoki Tabata.

Sharifa hakubisha. Alinijia tu chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, mie nitengenezee albamu," akasema. "Picha za watu wote weka, ila kila ukurasa nitilie kitu cha mama. Nataka nikifungua kule ugenini nimwone."

Mtu akikuomba jambo kama hilo, mwanangu, unalifanya kwa mikono miwili. Nami nililifanya, kwa namna niliyoijua. Masizi ya chetezo niliyafuta yote. Kitana kilikuwa na pengo, nikakiotesha jino jipya. Bakuli nililipiga picha limefudikizwa, maana kitako chake kilikuwa na mduara mzuri, ila rangi ya bati ilikuwa imebanduka ukingoni na katikati ya kitako palikuwa na doa jekundu. Ukingo nikauziba, doa nikalifuta. Vikang'aa kana kwamba vimetoka dukani Kariakoo asubuhi ile.

Kabla ya kupeleka kuchapisha nikamwonyesha Mama Mkubwa kwenye skrini. Akavaa miwani, akatazama.

"Vizuri," akasema. "Vya nani?"

"Si vya Mama Mdogo Hadija hivi, Mama?"

"Hadija yupi? Mie nimelala naye kitanda kimoja, vyombo vyake navijua. Hivi sivijui." Akasogeza uso karibu. "Na huko kwenye kompyuta yako majua ni mangapi? Kitana kivuli huku, chetezo kivuli kule."

Nilikasirika, kusema kweli. Nikamjibu kwamba haya ndiyo mambo ya kisasa, bibi harusi hapewi masizi. Mama Mkubwa hakupandisha sauti. Aliinuka kwa kushika magoti, akaenda kabatini, akarudi na bakuli, akaligeuza mapajani mwake, lile doa jekundu likawa juu.

"Huu unaouona uchafu, Hadija kautia mwenyewe," akasema. "Vyombo vilikuwa vinapoteaga kwenye shughuli, basi kila mwanamke anatia alama yake ajue chake. Akachukua rangi ya kucha, brashi imekatika, akachovya kidole. Nilikuwepo. Akanipaka na mie puani, tukacheka mpaka mama akatufukuza uani. Bakuli hili limezunguka maulidi na misiba ya mtaa mzima, halijapotea. Limekuja kupotea kwako wewe."

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami mbacha wa watu nilikuwa nimeufuta nikadhani nimeupamba.

Siku ya pili nikapiga magoti tena sakafuni. Sikupiga picha upesi. Nilingoja jua literemke lipite kwa ubavu juu ya kitako cha bakuli, kwani mwanga wa ubavu ndio unaoonyesha kila kilichoinuka. Mama Mkubwa alikuwa amefukiza udi chumba cha pili. Nikaegemea ukuta, usingizi ukanipitia, na ndani ya usingizi nikasikia mwanamke anacheka polepole, uani, mcheko wa mtu aliyempaka mwenzake rangi puani. Nikajaribu kugeuka nimtazame, shingo ikawa nzito. Kwa muda fulani nilijua kabisa kwamba yupo, na kwamba hana haja na mimi, anafanya shughuli zake tu. Nilipofumbua macho kanga ya dirishani ilikuwa inapumua kwa upepo, na mwanga umefika pale nilipoutaka. Nikapiga.

Nilipoikuza picha ile, doa likajaa skrini nzima. Na humo kwenye wekundu nikaona mistari, myembamba, inazunguka na kurudi, kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Kilikuwa kidole cha Hadija. Mtu asiye na picha hata moja duniani alikuwa ameacha alama ya kidole chake, nami niliifuta nikijisifu.

Safari hii nilipangusa vumbi tu, kwa sababu vumbi halina mwenyewe. Masizi niliyaacha, pengo la kitana nililiacha, na vivuli vyote nikavilaza upande mmoja, chini ya jua moja. Kile kitako cha bakuli nikakiweka kwa ukubwa wake halisi, kikachukua ukurasa mzima.

Asubuhi ya safari mabegi yalikuwa mlangoni na mashemeji wanaita. Sharifa akakaa kwenye mkeka, akafungua albamu. Bakuli lile alikuwa akila humo tangu utoto wake, lakini nani hutazama kitako cha bakuli? Mama Mkubwa akamweleza habari ya rangi ya kucha. Sharifa akasikiliza, kisha akaweka kidole chake juu ya alama. Kidole kikaifunika yote, kikazidi.

"Kumbe alikuwa mdogo hivi," akasema. "Mie miaka yote namwotaga mtu mzima, kumbe kasichana tu. Kadogo kuliko mie."

Akalia, nasi tukalia, na mashemeji wakaacha kuita. Nilimpenda Mama Mkubwa siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na sikumwambia. Nakwambia wewe.

Basi, mwanangu, sikukatazi kazi yako. Ni kazi nzuri, na mkono unao. Ila kabla hujafuta kitu, muulize mwenye nacho kwa nini kiko hivyo. Kama hayupo, muulize aliyeishi naye, na muulize leo, maana wanaokumbuka hawakai milele. Kizuri hakikosi ila, na ila nyingine ndiyo mahali pekee mtu alipobaki. Vumbi futa, usione haya. Kisichokuwa vumbi kitazame mara mbili. Na mkubwa akikukosoa, hata kama hajui kuwasha hiyo kompyuta, usikimbilie kumwambia mambo ya kisasa.

Mungu akutunzie macho yako na subira yako. Akupe riziki ya mikono isiyokuchosha moyo, na popote utakapokwenda kukaa, wawepo watu wa kukujua ulivyo. Amina.