Trekta Lililoatamiwa

Klachi alikuwa dereva wa trekta tangu enzi ambazo mtu alikabidhiwa mashine kama anavyokabidhiwa mke: aitunze mpaka izeeke, au azeeke yeye. Enzi hizo zimekwenda. Shamba kubwa alilofanyia kazi lilileta matrekta mapya yenye vioo na viyoyozi, ambayo yakikohoa tu anaitwa mtu wa kompyuta. Klachi akaagwa kwa makofi na saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama kabla hajafika nyumbani.

Alikaa kibarazani akikanyaga klachi isiyokuwepo, mpaka kaka yake aliponunua shamba la jirani. Humo bandani mlikuwa na trekta kuukuu, limejaa kinyesi cha kuku wa mke wa Klachi, ambao walihamia bila kuuliza.

Kaka mtu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na tangu siku hiyo hajapunguza mwendo. "Mdogo wangu," alisema, "gari la vyuma chakavu linakuja mvua zikikaribia. Trekta hili likinguruma kabla ya hapo, wewe ndiye dereva wangu, shamba lote ulime. Lisiponguruma, linapakiwa."

Klachi alikuwa tayari chini ya boneti.

Kibati cha jina kiling'olewa zamani, na kila mwenye trekta alipaka rangi yake juu ya mwenzake. Akakwangua kwa kisu: kijani, chini yake bluu, chini kabisa kijivu. Kijivu hicho alikijua. Akapapasa mbele zaidi, akakuta matangi mawili, kubwa na dogo, yamekaa kama mama na mwana. Akacheka peke yake.

"Kaka, mlitia nini humu?"

"Dizeli. Trekta si linakunywa dizeli?"

"Hili halinywi. Wakubwa zake ndio tuliojifunzia udereva. Linaamshwa kwa petroli, likipata joto unalihamishia mafuta ya taa. Kama wewe na chai: kabla ya kikombe cha kwanza, nani anaongea na wewe?"

Kulitambua ni jambo moja. Injini ilikuwa imeshikwa na kutu, haizunguki. Aliining'inia hendeli ya mbele ya kuizungushia kwa uzito wake wote, nayo ikamtazama tu. Akafungua plagi, akamimina oili ndani ya silinda ili ipenye kwenye kutu. Kupenya kunataka subira, kitu ambacho siku hizi hakiuzwi duka lolote.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Kaka mtu akaja na jirani mwenye trekta jipya, na mnyororo. "Tulivute. Likitaka lisitake, litazunguka."

Klachi wa zamani angekataa. Huyu wa kibarazani alitazama mawingu, akainama kufunga mnyororo.

"Hapa havutwi mtu!" Mke wake alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, kanga kiunoni. "Kuku wangu anaatamia kwenye sanduku la spana la hili trekta. Mkilitikisa, mayai yamekwisha."

"Shemeji, ni kuku tu."

"Wewe ulipokuwa tumboni, kuna mtu alimfunga mama mnyororo?"

"Mimi niliwahi."

"Ndiyo maana hujaiva mpaka leo."

Jirani alicheka mpaka akaegemea gurudumu la trekta lake. Mnyororo ukarudi alikotoka.

"Mama watoto, lakini mvua," Klachi alinong'ona.

"Mvua haitagi. Ngoja."

Basi akangoja, kwa kuwa hakuwa na njia. Kila asubuhi alimimina oili, akaigusa hendeli kidogo, akamsalimia kuku. Akasafisha matangi, akazibua kabureta, akasugua plagi moja moja. Kuku alimtazama kwa jicho moja, kama msimamizi.

Asubuhi vifaranga walipolia ndani ya sanduku, Klachi aliigusa hendeli kama kawaida, nayo ikasogea. Kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Akaizungusha polepole, na kwenye matundu ya plagi ukatoka uji mzito wa kutu. Alikaa chini akiutazama. Wangelivuta siku ile, pistoni zingevunjika, na hapo hata yeye asingekuwa na la kusema.

Gari la vyuma chakavu lilifika siku ileile Klachi aliyopanga kuliwasha trekta. Trekta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza, halafu likanguruma hadi mabati yakatetemeka. Wale wapakiaji waliziba masikio. Klachi hakutaka waondoke mikono mitupu. Akawapa saa ya ukutani.

Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, alikuwa kwenye kiti, mguu umekanyaga klachi ya kweli. Alipogeuka kutazama tuta la kwanza, akamwona kuku yule na vifaranga wake wakifuata nyuma, wanadonoa minyoo.

"Wafukuze!" kaka mtu alipaza sauti. "Watakanyagwa!"

"Mwache fundi," alisema mke wa Klachi. "Amekuja kukagua kazi yake."