Madalali walikuja kwa deni la mume wangu wakabeba mashine yangu ya sweta (Buruburu, miaka ya themanini)

Wakuu hamjambo, na vijana wa Eastlands, sasa.

Nimesoma ule uzi wa jamaa ambaye watu wa mikopo ya simu walipigia boss wake juu ya deni la bibi yake. Wengi mmecomment kwamba kuaibishana kwa deni kumeletwa na simu.

Si kweli. Mimi yalinipata kabla hata hatujaunganishiwa simu ya nyumbani. Majina nimebadilisha. Mengine nawaandikia vile yalivyokuwa, hata pale yasiponipendeza.

Tulikuwa tunakaa Buruburu, mimi, mume wangu na watoto wawili. Yeye nitamwita Baba Akinyi. Alikuwa karani serikalini, mtu mpole, shati limepigwa pasi, Jumapili tuko kanisani safu ya mbele.

Mimi nilikuwa nafuma sweta za shule. Nilikuwa na mashine ya kufuma, ile ya mkono, nimeiweka kwa servant quarter, kile chumba cha nje cha mfanyakazi. Niliinunua na pesa za chama chetu cha akina mama wa kanisa zamu yangu ilipofika. Baba Akinyi hakutoa hata shilingi, na sikumuomba. Ilikuwa yangu.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa kumi na mbili, pickup inaingia kwa court yetu.

Kwa wale hawajui Buruburu, court ni nyumba kadhaa zinazotazamana, parking katikati. Jumamosi asubuhi kila mama yuko nje anaanika nguo. Ukikohoa, nyumba zote zimesikia.

Akashuka mwanamume wa suti ya kahawia na vijana wawili. Akauliza jina la mume wangu kwa nyumba ya kwanza, akauliza tena kwa ya pili. Aliponifikia mlangoni, kila mtu alishajua anatafuta nani.

Akasema yeye ni dalali wa korti. Akasoma kwa sauti: jina la mume wangu, mahali anapofanya kazi, jina la mwenye duka la hardware anayemdai, na kiasi cha deni. Kisha akaingia kuandika vitu. Sofa, radio cassette, meza. Akafika servant quarter, akaandika mashine.

Nikamwambia, "Hiyo ni yangu, si ya mzee."

Akasema, "Mama, kila kitu ndani ya nyumba ni cha mzee."

Akatupa wiki moja tulipe, la sivyo anarudi kubeba.

Wakuu, sikuwa najua kuna deni lolote. Nilisimama pale mlangoni nikijifanya najua, kwa sababu Mama Mwende wa nyumba ya pili alikuwa ananiangalia, shuka mkononi.

Baba Akinyi aliporudi mchana nilimuuliza. Hakubisha. Alikuwa amechukua mabati, saruji na mbao kwa mkopo ili amjengee mama yake nyumba huko nyumbani. Akashindwa kulipa, akashtakiwa, hukumu ikatoka, na mimi sijui chochote.

"Nilitaka nimalize kabla hujajua," akasema.

Sikukasirika juu ya nyumba ya mama yake. Mama mkwe nilimpenda, na ile nyumba ya nyasi ilikuwa inavuja. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tunalala kitanda kimoja na yeye anabeba hayo yote peke yake.

Jumatatu nikaenda ofisi ya dalali, huko chini mjini, nijue deni limebaki kiasi gani na malipo yao ni nini. Maana nilisikia dalali akija tu, hiyo safari nawe unailipia.

Karani wake akaniambia, "Mama, hayo ni mambo ya siri ya mteja. Mlete mzee mwenyewe."

Nikamwambia, "Jumamosi mlisomea court nzima. Mimi mke wake ndiye nafichwa?"

Akarudi kwa typewriter yake.

Baba Akinyi alizungusha kila mahali hakupata pesa, na wiki ikaisha. Wakaja na lorry. Sofa ikaenda, radio ikaenda, mashine ikaenda. Nilikuwa nimeshapokea deposit za wazazi, sweta za January, za maroon na za kijani. Wool imebaki kwa magunia, mashine hakuna.

Nikaenda korti. Kwa kaunta dada mmoja akanieleza kwamba mtu ambaye si mdaiwa, kitu chake kikibebwa, anaweza kupinga mbele ya hakimu. Lakini lazima nithibitishe ni changu. Risiti ya duka ilishapotea. Akaniambia nilete mtu anayejua vile niliipata.

Hapo ndipo penye tatizo.

Waliojua ni akina mama wa chama, hasa mwenyekiti wetu, Mama Wangari. Akina mama wa kanisa. Nikimleta yeye kortini, deni la mume wangu limeingia kanisani.

Baba Akinyi aliponisikia akakaa chini. Akaniambia, "Majirani watasahau. Lakini kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Niachie hilo moja. Mashine tutanunua ingine."

Nikamuuliza tutanunua na nini. Akachukua koti akatoka.

Nilifikiria sana, wakuu. Siku hizi mnasema privacy. Sisi hatukuwa na hilo neno lakini kitu chenyewe tulikijua. Aibu yake ilikuwa mali yake, na mashine ilikuwa mali yangu, na nisingeweza kuokoa moja bila kuigusa ingine.

Nikaenda kwa Mama Wangari, Makongeni. Mume wake alikuwa mtu wa reli, ndiyo maana walikaa huko kwa nyumba za reli. Nikamwambia, "Naomba uje useme kortini ile mashine ni ya nani. Mengine usiniulize."

Akaendelea kuchambua mchele kwa muda. Kisha akasema, "Nauli nitajilipia. Na sitakuuliza."

Siku ya kesi korti ilijaa watu wa kesi zingine. Mama Wangari akasema alichojua, kifupi tu. Wakili wa mwenye hardware akasimama, akasema kwamba Mama Wangari ni rafiki yangu na nimepanga naye, na kwamba mume na mke mali yao ni moja. Akasema tunataka kuficha mali ya mdaiwa kwa jina la mke.

Nikaona hakimu ameanza kuandika. Nikajua nimeshindwa.

Basi kuna mtu akainuka nyuma. Baba Akinyi. Sikuwa nimemwambia aje. Asubuhi alitoka na suti yake ya kazi kama kawaida.

Akaomba ruhusa. Akaitwa mbele, akaapishwa.

Akasema, "Mheshimiwa, mdaiwa ni mimi. Deni ni langu, nilikopa bila mke wangu kujua. Mashine aliinunua na akina mama wenzake. Mimi sikuchangia. Naomba arudishiwe. Mimi nitalipa langu."

Alisema hivyo Mama Wangari akiwa ameketi pale, karibu sana angeweza kumshika mkono. Hakumwangalia, lakini alijua yuko.

Hakimu akaamuru mashine irudishwe.

Huko nje kwa ngazi Mama Wangari alituaga haraka akatangulia, nadhani makusudi. Baba Akinyi akasema, "Sasa wamejua wote."

Nikamwambia, "Walishajua. Ni mimi tu nilikuwa nimebaki."

Akatikisa kichwa. Tukatembea hadi stage ya basi.

Mnadhani iliishia hapo? Kwenda kuchukua mashine, dalali anataka alipwe kwanza: lorry, kuhesabu vitu, kuviweka store, na askari wa kuvilinda nyumbani kwetu ile wiki ya notisi.

Nikamwambia aniandikie kila kitu na bei yake. Hakutaka. Nikasema siondoki. Mwishowe akaandika, na mimi nikapeleka korti kwa afisa anayekagua malipo ya madalali.

Afisa akamwita. Akaniuliza nina neno gani. Nikasema, "Huyu askari alilala wapi? Nyumba yetu ni ndogo, ningemkanyaga."

Dalali akasema ni makosa ya karani. Askari akafutwa. Na kwa mashine, afisa akasema hakuna ninachodaiwa, kwa sababu haikupaswa kubebwa. Sofa na radio zilipigwa mnada, hazikurudi. Deni lililobaki Baba Akinyi alilipa kidogo kidogo, na sweta zangu zikasaidia. Za January nilichelewesha, wazazi wengine walinisema.

Na kanisani? Mama Wangari hakusema kitu. Baba Akinyi mwenyewe ndiye alimwendea pastor akaacha uzee wa kanisa kwa muda. Hakuna aliyemfukuza. Tulirudi nyuma safu kadhaa, tukakaa huko, tukazoea.

Nilichojifunza: dalali akija, muulize anamdai nani hasa, na kila ada aiandike. Mambo mengi wanaongeza wakijua una haraka ya kumaliza aibu. Kitu chako kikichukuliwa kwa deni la mwenzako, nenda korti upesi, usingoje mnada.

Hilo lingine ni gumu kidogo kulisema. Baba Akinyi alishafariki. Miaka yote nilisimulia hadithi hii kana kwamba mimi ndiye niliyepigana. Nikiiandika leo naona nilipigania mashine tu. Yeye alitoa kitu alichokuwa anakilinda kuliko mshahara, na sikumbuki kama nilimwambia asante.

Nyinyi mlio kwa ndoa, mngeenda kwa Mama Wangari, ama mngeacha mashine iende? Niambieni bila kunionea haya, nimezeeka. Nitasoma zote.