Do ya Papa

Juzi nilikuwa Kasenga kwa mama fundi wa nguo, nikingoja suruali yangu. Tangu wakimbie vita na kushuka kutoka milima ya Rurambo, anawafundisha binti zake wawili nyumbani. Siku hiyo mwalimu wa kwaya yetu alikuwa amekuja kuwapa somo la muziki.

Akapiga do, noti ya kwanza, kwenye gitaa ili waimbe ngazi. Mama akasimamisha mguu kwenye cherehani. Kimya. Kisha mama akaimba re, binti mkubwa mi, mdogo fa.

“Juu ya nini munaruka do?” mwalimu akauliza.

“Do ni ya papa yetu,” mdogo akajibu. “Kule nyumbani kila muntu alikuwa na sauti yake. Papa alibakia na ngombe.”

“Basi miye nitaiimba,” mwalimu akasema.

Mtoto akamshika mkono juu ya nyuzi. “Hapana, mwalimu. Tunamuwekea.”

Mama akainamia suruali yangu, akashona mshono uliokuwa umeshashonwa.

Kwenye kwaya yetu watu wananuniana kwa kugombania sauti, na mimi nimo. Jioni ile, nikirudi nyumbani Kilibula kwa miguu, nilipiga mluzi njia nzima. Nilianzia re.