Ua wa Makuti wa Tubarão

Jamani, haya nilishaapa yasinitoke mdomoni, lakini kwa kuwa hapa Quitunda kijiji kizima wanayajua, na wengine wanayasimulia vizuri kuliko mimi (kuna mmoja amenivisha hadi kanzu, na siku ile nilikuwa na kaptula iliyojaa grisi), bora myasikie kwangu mwenyewe: ndiyo, mimi Momade, fundi wa jenereta, mtoto wa Bi Fatima, ndiye niliyemfanyia mbwa harusi.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tubarão, yaani papa, na jina limemkaa, maana ni wa kijivu, ana taya kubwa, na akisimama kwa miguu ya nyuma ananifika begani. Nilimkuta kwenye yadi moja ambayo wenyewe walifunga kazi wakaondoka, mimi nikatumwa kwenda kufungua jenereta yao, nikaona kwenye kona kitu kimefungwa mnyororo, mbavu zote nje. Nilikuwa na mkate na samaki wa kukaanga, nikampa, akala, kisha akaniwekea kichwa gotini akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Hapo hapo nikajua nimekwisha.

Kumpeleka nyumbani sikuthubutu. Mama yangu ni mtu wa swala tano na udhu wa uangalifu, na mbwa kwake ni najisi, hana mjadala. Nikamwomba rafiki yangu Armando, mtumishi wa serikali aliyeletwa Palma kutoka Inhambane, amhifadhi kwake, naye akakubali kwa furaha. Ikaenda hivyo mpaka Armando akahamishiwa Pemba, kwenye nyumba ya ghorofani. Akanipigia simu: "Momade, pá, Ijumaa naondoka. Ukimwacha barabarani watampiga mawe, unajua."

Nilijua. Ndipo nikaamua kumjengea ua mwishoni mwa kiwanja, mbali na nyumba, na bahati nzuri mama alikuwa Mocímboa da Praia kwa dada yake. Hesabu yangu ilikuwa hii: akirudi akute kila kitu tayari, aone mwenyewe kwamba mbwa hawezi kuukaribia mswala wake, hasira imtoke kidogo kidogo. Nikasimamisha boriti, nikazungushia wavu wa chuma, nikamwaga saruji chini maana Armando alisema anachimba kama panya, na kwa nje nikafunga makuti mapya toka chini mpaka juu, ili asione wapita njia akabweka mchana kutwa. Ulitoka ua mzuri, wallahi, niliuzunguka mara kadhaa nikijisifu peke yangu.

Sasa, kwetu ua mpya wa makuti haujengwi bure. Kule kijijini kwetu pwani, kabla hatujahamishwa kuletwa kwenye nyumba hizi za matofali, ukiona mtu kazungushia makuti mabichi ubavuni mwa nyumba, ni harusi: wanawake watapikia humo, watacheza humo, na bi harusi ataingizwa humo. Mimi nimekulia kwenye nyua hizo, nikigombea ukoko na wenzangu. Lakini kichwa cha mtu anayeficha jambo hufanya kazi nusu.

Akapita jirani yangu Bi Zainabu. "Momade mwanangu, unajenga nini?"

Neno moja tu, "banda la mbwa", lingetosha. Lakini nikaona haya (Muislamu mzima, namjengea mbwa kwa saruji wakati jiko la mama linavuja), nikasema: "Ah, kuna mgeni wangu anakuja, mama."

"Mgeni wa kukaa?"

"Wa kukaa."

"Mama yako anajua?"

"Bado. Nataka nimshtukize."

Akatabasamu mpaka jino la mwisho. Kesho yake akaniona nateremsha sufuria kubwa na gunia la mchele uliovunjika (chakula cha mbwa mkubwa si mchezo), akanipa pole kwa kazi kwa sauti tamu mno, nami nikaitikia kama mjinga. Mke wangu alikuwa amebaki Nampula tangu siku za kukimbia vita, tukaachana kwa amani, na mama kila siku alikuwa akinililia nioe. Bi Zainabu alikuwa akiyajua yote hayo, na alikuwa na simu.

Ijumaa baada ya swala nikaenda Palma kwa Armando kumchukua Tubarão, tukarudi kwa gari lake. Nikakaa naye kiti cha nyuma. Armando akanitupia kapulana jipya la mkewe, kitenge chekundu chenye maua, akasema: "Mfunike kichwa, akiona mbuzi njiani atapasua kioo." Nikamfunika, akatulia.

Tulipokata kona ya kuingia kwetu nikaona umati mbele ya nyumba, nikajua ni msiba, nikajua ni mama. Kisha nikasikia ngoma. Kisha nikamwona mama mwenyewe, mzima, amevaa kanga mpya, kasimama mbele ya wote, na moshi wa masufuria unatoka ndani ya ua wangu. Nikaelewa yote kwa pamoja.

"Epá, hawa watu vipi?" akasema Armando, na kwa kuwa walikuwa wamejaa njiani akapiga honi, akapiga tena, akaendelea, kama kawaida ya magari ya harusi. Vigelegele vikapasuka. Nikapiga kelele, "Subirini! Siyo hivyo!", nani anisikie? Mama akafungua mlango wa gari. Mkononi alikuwa na kidani cha dhahabu cha bibi yangu, alichokimbia nacho vichakani kakifunga kwenye pindo la kanga, akisema ni cha mkamwana wake. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mkamwana wangu," akasema, "karibu nyumbani." Akafunua kapulana.

Tubarão, ambaye hajawahi kumnyima mtu salamu, akamramba toka kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole, kidani pamoja.

Kigelegele kimoja kilikatika katikati. Ngoma ikanyamaza. Bibi mmoja asiyeona vizuri akauliza, "Mbona ana ndevu?"

Mama hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono, akaletewa maji na udongo, akaoshwa mara saba kama sheria inavyotaka, wanawake wakihesabu kwa sauti, naye macho yote kwangu. Kidani nacho kikaoshwa. "Hiki," akasema, "kimevuka vita, kikaja kurambwa na mbwa." Nilitamani ardhi inimeze na saruji yangu juu yake.

Mwisho akauliza, "Huyu mbwa wa nani?"

"Wenyewe walihama, mama. Wakamwacha na mnyororo shingoni."

"Walihama wakamwacha?"

"Wakamwacha."

Akamtazama Tubarão. Mama naye alihamishwa, na kule pwani aliacha minazi aliyoipanda mwenyewe na kaburi la baba. "Basi akae," akasema. "Upande ule ule. Na wewe Zainabu, wali umeiva?"

"Umeiva, Bi Fatima."

"Wekeni masinia. Watu hawatoki kwangu na njaa kwa ajili ya punguani mmoja."

Tukala ndani ya ua wa mbwa, mbwa mwenyewe kafungwa kwenye gari la Armando. Mwanzoni watu walikula wameinama, mabega yakiwatetemeka, mpaka mmoja akashindwa, wote wakaangua kicheko, mama naye. Kisha nyimbo zikaanza, za vijiji mbalimbali, maana Quitunda tumechanganywa, na mpaka siku ile tulikuwa tukisalimiana mlangoni tu. Harufu ya makuti mabichi ilinirudisha utotoni kabisa. Niliona aibu, na nilifurahi, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Mama hakumgusa tena Tubarão. Lakini jioni alikuwa akiweka kigoda nje ya ua, anamrushia vichwa vya samaki, anamsimulia kupitia makuti habari za kijiji chetu cha zamani. Alifariki masika yaliyopita, na Tubarão alilala upande ule wa ua kwa muda mrefu, akikingojea kigoda.

Tangu siku ile niliweka nadhiri: nikiulizwa najenga nini, nasema kweli papo hapo. Juzi nilikuwa nabadilisha makuti yaliyooza, Bi Zainabu akapita.

"Unajenga nini tena?"

"Natengeneza ua wa harusi, mama. Namwoa Amina, yule mshonaji wa Palma."

Akanitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwongo mkubwa! Nipishe nimwone huyo mbwa mpya."

Nikacheka naye. Kisha nikakigusa kidani mfukoni, alichoniachia mama, nikamkumbuka mtu pekee ambaye angeniamini hapo hapo, angetupa kila kitu mkononi na kupiga kigelegele kabla sijamaliza kusema.